Je, Asiye na Dini Hana Amana?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mlezi wa viumbe vyote, aliyemuumba mwanaadamu akamtilia moyoni mwake kipimo cha jema na baya kabla hajajua kusoma wala kuandika. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na aali zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu, katika darasa yetu limezuka suala ambalo tumeona si vema kulijibu kwa maneno mawili matatu baada ya sala ya ishai kisha kila mtu akaenda zake. Wamelileta vijana wetu wapandao bara mpaka Kisumu kununua dagaa, wale ambao wenyeji huwaita omena, wakawateremsha kuja kuwauza huku pwani. Wanasema kwamba huko ziwani wanafanya biashara na watu wa kila namna: wako Wakristo, wako Waislamu wenzetu wa mjini na Wanubi wa Kibos, na wako wasiokwenda kanisani wala msikitini, wasemao waziwazi kwamba wao hawana dini. Na mara nyingine, wasema vijana, huyu asiye na dini ndiye anayetujazia kipimo, na aliyetoka kusali sasa hivi ndiye anayetupunja. Basi je, tabia njema yatokana na dini, au yasimama peke yake? Na ikiwa yasimama peke yake, dini ni ya kazi gani?

Suala hili si la kupuuzwa, wala si la watu wachache. Serikali ya Kenya ilipohesabu watu mwaka 2019, zaidi ya watu 755,000 walijiandikisha kuwa hawana dini yoyote. Na mwaka 2016 chama cha Wakenya wasioamini kuwako kwa Mungu kiliandikishwa rasmi. Hawa si watu wa nchi za mbali tusomao habari zao magazetini. Ni majirani zetu, ni makarani, ni waalimu wa watoto wetu, ni wenzetu wa sokoni. Hatuna budi kujua tutasema nini juu yao, na zaidi ya hapo, tutasema nini juu ya nafsi zetu.

Majawabu mawili huja upesi midomoni mwa watu. La kwanza ni la wazee wetu, wasemao kwamba asiye na dini hana haya, na asiye na haya hana linalomzuia. Basi ukimwona ana amana jua kwamba anakutega. La pili ni la baadhi ya vijana waliosoma skuli za juu, wasemao kwamba madhali mtu aweza kuwa mwema bila dini, basi dini ni mzigo usio na faida. Sisi twaona majawabu yote mawili yamekosa shabaha, tena yamekosa kwa sababu moja: yote mawili hayakuuliza dini imekuja kufanya nini.

Tuanze na wazee wetu, nasi twawaomba radhi kwa kuwajibu. Lau kama ni kweli kwamba asiye na dini ya haki hana amana, basi Mtume wetu, sala na salamu zimshukie, alikuwa na haki zaidi ya kusema hivyo, kwani aliishi miaka mingi katikati ya waabudu masanamu. Naye hakusema hivyo. Kabla ya utume, mgeni mmoja kutoka Yemen aliuza bidhaa yake Makka, na mnunuzi, naye ni mkubwa wa mji, akamnyima thamani yake. Watu wa koo kadhaa za Makureshi wakakutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, wakaapa kwamba watasimama pamoja na kila aliyedhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni, mpaka haki yake imrudie. Huo ndio mwafaka ujulikanao kwa jina la Hilf al-Fudul. Wakati huo Kurani haijateremka hata aya moja. Mtume alikuwapo siku ile akiwa kijana, na baada ya kuja Uislamu aliutaja mwafaka huo kwa kuusifu, akabainisha kwamba lau angeitwa tena kwenye jambo kama lile angeitika.

Tazameni tena siku ya hijra. Makureshi walikuwa wametoa ahadi ya ngamia mia kwa atakayemleta Mtume, yu hai au amekufa. Nani aliyewaongoza Mtume na Abubakar katika jangwa mpaka Madina? Ni Abdullah bin Urayqit, mtu aliyekuwa bado katika dini ya makafiri wa Makureshi. Wakamkabidhi ngamia wao wawili, wakamwahidi wakutane penye pango la Thaur baada ya siku tatu, naye akatimiza. Ngamia mia walikuwa wakimngoja kwa neno moja tu, na neno hilo hakulisema. Basi mwenye kudai kwamba asiye Muislamu hana amana atueleze ni kitu gani kilichoufunga ulimi wa mtu yule.

Na Mtume mwenyewe ametufundisha kwamba ametumwa ili azitimize tabia njema. Zingatieni neno kutimiza. Hutimizwa kitu kilichokwisha kuanza. Hatimizi nyumba ila anayekuta msingi na kuta.

Sasa natugeuke tuutazame upande wa ziwa kwenyewe walikotoka vijana wetu na suala lao. Reli iliyoanzia Mombasa ilifika ziwani mwezi wa Disemba 1901, mahali walipopaita Port Florence, napo ndipo Kisumu ya leo. Hata kabla ya reli, misafara ya watu wa pwani ilikuwa imekwisha kufika Mumias kwa Nabongo Mumia, na kwa njia hiyo Uislamu ukaingia upande ule. Wazee wetu wa misafara waliwakuta watu wa bara, na wengi wao wakawaita kwa jina moja tu: washenzi. Jina hilo twalijua sote, na hata leo halijatoka ndimi zetu. Lakini je, Wajaluo waliokaa kando ya ziwa lile walikuwa hawajui jema na baya? Walikuwa wakimtaja Mungu kwa jina la Nyasaye, ingawa hawakuwa na kitabu. Walikuwa na miiko waliyoiita kwer, na mwenye kuivunja alihofia chira, yaani maradhi ya kukonda na kudhoofika yatakayomshika yeye au watoto wake. Walikuwa na saga, ambayo ni kukusanyika watu kulima shamba la mmoja wao, leo kwako na kesho kwangu. Na mgeni aliyehamia katika ardhi ya ukoo usio wake walimwita jadak, wakampa mahali pa kujenga na kulima. Tukiwa waadilifu tutakiri kwamba kumpokea mgeni na kumlimia jirani ni katika mambo ambayo sisi twayasomesha watoto wetu chuoni.

Mtu atasema: basi na wao walikuwa na dini yao, na wema wao umetokana nayo. Hilo lina ukweli ndani yake. Lakini msikilizeni mwanafalsafa Henry Odera Oruka (1944–1995), mzaliwa wa upande huohuo wa Nyanza, aliyesomesha Chuo Kikuu cha Nairobi. Yeye aliwaendea wazee wenye hekima vijijini akawahoji juu ya Mungu, na haki, na mauti, na mazungumzo yale yakatoka katika kitabu mwaka 1990. Miongoni mwa wazee wale alikuwamo Mzee Oruka Rang'inya. Rai yake ilikuwa kwamba ni makosa kumfanya Mungu kuwa kama mtu. Kwake yeye Mungu ni fikra ya wema wenyewe, na fikra hiyo ina manufaa katika maisha ya watu. Mzee huyu hakuwa mtu wa kuogopa chira tu. Alikuwa akipima kwa akili yake.

Sisi hatuifuati rai hiyo, na mbele tutaeleza kwa nini. Lakini yatosha kuwa ushahidi kwamba mtu aweza kuushika wema bila kusadiki kama tusadikivyo sisi, wala asiwe mwongo wala mnafiki.

Na wanavyuoni wetu hawakuwa wameghafilika na jambo hili. Walilijadili karne nyingi kabla ya reli na kabla ya vyuo vikuu, wakiuliza: je, kitu ni kizuri kwa sababu Mungu amekiamrisha, au amekiamrisha kwa sababu ni kizuri? Muutazila walisema kwamba akili ya mtu yajua uzuri wa haki na ubaya wa dhulma kabla ya kufika sheria. Imam al-Ash'ari, aliyefariki Baghdad yapata mwaka 936, aliogopa kwamba kusema hivyo ni kumwekea Mungu sheria juu ya kichwa chake. Akashika kwamba jema ni lililoamrishwa na baya ni lililokatazwa. Naye Imam al-Maturidi wa Samarkand, aliyefariki mwaka 944, akachukua njia ya katikati, akaipa akili fungu lake la kujua na wahyi fungu lake la kuamrisha. Sisi watu wa pwani ni Mashafii, na katika itikadi wengi wetu tumesomeshwa kwa njia ya al-Ash'ari. Kwa hiyo wako wanaodhani kwamba kusema mtu aweza kulijua jema kwa akili yake ni kutoka katika Sunna. Sivyo. Wanavyuoni wa njia hiyo wenyewe walifafanua kwamba akili yatambua ukamilifu na upungufu, kama vile kujua ni bora kuliko ujinga, na yatambua kinachowafaa watu na kinachowadhuru. Walichokigombania ni thawabu na adhabu ya Akhera: hayo, walisema, hayajulikani illa kwa wahyi. Na katika zama za karibu Sheikh Muhammad Abduh wa Misri, aliyefariki mwaka 1905, aliandika katika Risalat al-Tawhid kwamba akili ya mwanaadamu ina uwezo wa kupambanua mazuri na mabaya. Wala Kurani hailikanushi hilo, bali katika Sura ya Shams yatufahamisha kwamba Mungu ameifunulia nafsi uovu wake na ucha-Mungu wake. Nafsi iliyotajwa pale ni nafsi ya mwanaadamu, wala si ya Muislamu peke yake.

Basi jawabu la wazee wetu limeanguka. Aliye mwema miongoni mwa wasio na dini, wema wake ni wa kweli, nao umetoka kwa Mungu yuleyule asiyemjua. Ni kama mtu anayechota maji kisimani wala hajui aliyekichimba kisima. Kutokujua kwake hakuyafanyi maji kuwa ya chumvi.

Tuwageukie sasa vijana wasemao: kama ni hivyo, dini ya nini? Tunawaambia: kujua si kutenda. Huko ziwani kuna jambo linaitwa jaboya. Mvuvi hamuuzii mwanamke samaki kwa fedha tu, bali humtaka na mwili wake. Mwanamke anayelea watoto hana mashua wala nyavu, na bila ya samaki hana cha kupeleka sokoni. Basi hukubali, na kwa njia hiyo maradhi ya ukimwi yameingia katika nyumba nyingi za fuoni. Ulizeni katika fuo zile ni nani asiyejua kwamba jambo hili ni baya. Wazee wa mila wajua, makanisa yahubiri, na mvuvi mwenyewe asingeridhia litendeke kwa binti yake. Ujuzi haukupungua. Na katika miaka ya 2010 wanawake wa ufuo wa Nduru walisaidiwa kupata mashua zao wenyewe ili wavue na kuuza bila ya kumwinamia mtu. Katika hilo mna funzo kubwa: nafsi yajua, lakini nafsi ina matamanio, na ina njaa, na ina woga, na mwenye nguvu hupata udhuru kila siku. Inahitaji kitu cha kuifunga, na inahitaji watu wa kuiondolea dhiki. Dini imekuja kwa yote mawili, ndiyo maana sala na zaka zimetajwa pamoja mara nyingi.

Na hapa ndipo tunapoachana na Mzee Rang'inya kwa heshima. Tumeafikiana naye kwamba Mungu hafanani na mtu. Lakini ikiwa Mungu ni fikra tu, basi fikra haisikii kilio cha yule mwanamke wa ufuoni wakati hakuna shahidi mwingine, wala haimhesabii mdhalimu aliyekufa tajiri akazikwa kwa sifa. Muumini anajua kwamba hesabu ipo. Mwenye amana asiye na dini huitimiza ahadi yake kwa murua wake, na murua ni kitu kitukufu. Lakini siku atakapochoka, au atakapoona kila mtu anakula naye yu peke yake, atajiuliza kwa nini aendelee. Muumini naye huchoka vilevile, illa yeye ana wa kumngojea. Tena akianguka ana mlango wa kurudia, nao ni toba, yenye sharti la kumrudishia mwenye haki haki yake.

Kisha dini imekuja kuupanua wema utoke nje ya mipaka ya jamaa. Kila kabila duniani lina wema kwa watu wake. Jadak alipewa shamba, lakini alibaki mgeni, na ardhi haikuwa yake. Waarabu wa Jahilia walikufa kwa ajili ya binamu zao, wakateka msafara wa kabila jingine bila ya kuona haya. Ndipo Kurani ikaamrisha uadilifu hata kwa watu tunaowachukia, na hata juu ya nafsi zetu na wazazi wetu.

Ndugu zetu, hapa ndipo maneno yanapotugeukia sisi, na hatupendi kuyaficha. Katika Sura ya Aali Imran Mwenyezi Mungu anatueleza habari za watu wawili katika Watu wa Kitabu: mmoja ukimwekea amana ya mali nyingi sana anakurudishia, na mwengine ukimwekea dinari moja hakurudishii ila umsimamie. Na sababu ya huyu wa pili imetajwa: wao walisema kwamba kuwala wasiokuwa watu wao si lawama. Mungu akawaita waongo juu yake. Basi je, hatujapata kusikia Muislamu akisema kwamba kumpunja kafiri si dhambi kubwa? Hatujapata kumwona mfanyabiashara mwenye kofia na tasbihi akimuuzia mtu wa bara kwa bei isiyo bei, kisha akacheka kwamba mshenzi hajui hesabu? Huyu anasoma aya hiyo kila Ramadhani, wala hajui kwamba inamsema yeye.

Huko Kisumu kipimo cha sokoni ni gorogoro, mkebe wa kilo mbili. Wako wanaoubonyeza mkebe ule kwa chini ili uchukue kidogo, na wako wanaoacha mchanga ndani ya dagaa ili uzito uzidi. Huku kwetu wazee walikuwa na pishi na kibaba, nazo pia zilikuwa na hila zake. Mungu ameteremsha sura nzima yenye jina la wapunjao, na Mtume Shuaib alipotumwa kwa watu wa Madyan aliwaita kwenye Mungu Mmoja na kwenye mizani ya haki katika mwito mmoja. Hakuwaambia kwamba wakisha kusali watasamehewa vipimo. Basi Muislamu anayebonyeza gorogoro amevunja nusu ya mwito wa Shuaib, na asiyekuwa na dini anayejaza kipimo ameitimiza nusu hiyo. Kila mmoja ana nusu yake iliyopungua, lakini mnunuzi maskini aliyesimama mbele yao anaijua moja tu katika hizo mbili.

Tena dini ikitengwa na kile kipimo ambacho Mungu amekitia moyoni huwa hatari kuliko kutokuwa na dini. Mwaka 2015, tarehe 2 Aprili, watu waliodai kuupigania Uislamu waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, wakawatenga wanafunzi kwa dini zao, na watu 148 wakauawa. Na mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, hapa kwetu Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Mungu wao. Wale wa Garissa walitaja jina letu, hawa wa Shakahola walitaja jina jingine. Na mtoto mdogo ambaye hajasoma lolote angewaambia wote kwamba hayo si mema. Mwenye kuizima taa ya moyo wake kwa jina la dini hakuifuata dini.

Na Mtume wetu aliwauliza sahaba zake juu ya muflisi, wakadhani ni asiye na fedha wala mali. Akawafahamisha kwamba muflisi ni mtu atakayekuja Siku ya Kiama na sala, na saumu, na zaka, hali alimtukana huyu, na alikula mali ya huyu, na alimpiga huyu. Basi mema yake yatagawiwa kwa hao mpaka yaishe. Angalieni kwamba hakutajwa pale asiyesali. Aliyetajwa ni msalihina wa msikitini.

Kwa hiyo, enyi vijana wetu, jawabu letu ni hili. Kulijua jema Mungu amempa kila mtu. Asiye na dini akitenda wema musimdhanie ubaya, mshukuruni na mtimizieni haki yake kama alivyowatimizieni. Na dini ni ahadi juu ya ujuzi huo, ahadi mliyoitia mkono mbele ya Mungu kwamba mtalitenda jema hata asipokuoneni mtu, hata kwa asiyekuwa wenu, hata likikupunguzieni faida. Asiyetia mkono huenda akawa na udhuru mbele ya Mola wake. Hilo ni juu ya Mungu. Aliyetia mkono hana udhuru.

Nanyi wazee na waalimu wa vyuo, tunakuombeni mambo mawili. La kwanza, liondoeni neno mshenzi katika ndimi za watoto wetu. La pili, mtoto akisomeshwa nguzo za sala asomeshwe siku hiyohiyo kipimo na mizani, na apelekwe dukani aone kinavyojazwa. Mjaluo wa ziwani hatausoma Uislamu katika vitabu vyetu vya Kiarabu. Atausoma katika mkebe wa yule Muislamu anayemnunulia dagaa zake alfajiri penye mashua.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu asitujaalie kuwa miongoni mwa wapunjao wala wa kufilisika Siku ya Kiama, atupe moyo unaokubali jema lilipo na kwa yeyote alilomtilia, na atufishe tukiwa tumerudisha kila amana kwa mwenyewe. Amin.